Tuma Mashine ya Inchi Nane

Karakana ya Milango na Madirisha,
Mkabala na kinu cha unga.
Tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa mpwa wangu,

Nina miaka sabini na tisa. Nimemzika mkaza mjomba wako, nimemzika fundi aliyenishikisha randa, na wote niliojifunza nao kazi nimewazika pia. Viwanda vya mbao vilivyoapa kutufungisha mlango sisi wa mkono vimefungwa vyenyewe. Misitu imeisha, mimi nipo. Kwa hiyo ukisoma haya usiseme ni mzee analialia tu.

Kwanza, hamjambo huko? Kile kifua chako kimepona, au baridi bado inakuchezea? Na dada yangu, mama yako, magoti yanamruhusu kupanda ngazi? Mwambie kaka yake amemuulizia kabla ya kuuliza habari za mashine, asije akanuna. Sisi huku ni wazima wa kuonekana. Nakula, nalala, natembea bila fimbo. Ndani ndiyo sina hali.

Herufi ni nene kwa sababu hii ni penseli ya useremala. Binamu yako Bawaba alitaka anishikie simu nikuambie kwa mdomo. Nimekataa. Mengine humu sitaki ayasikie.

Uliniambia nichague ukubwa wa ile mashine ya randa, ile ya meza ndefu yenye kisu kinachozunguka katikati, unasukuma ubao juu yake unatoka umenyooka. Inchi sita, nane au kumi na mbili, niseme kabla mzigo haujafungwa. Nilikujibu palepale: kumi na mbili. Mimi niliyenyoosha kwa mkono milango ya kumbi, leo niletewe kidude cha kuchongea vijiko? Sasa jibu lile lifute.

Hukuambiwa kwa nini binamu yako aliomba mashine. Hata mimi sikuambiwa. Unajua sisi tukishanyoosha kingo za mbao mbili, tunazisimamisha moja juu ya nyingine mbele ya dirisha. Mwanga ukipenya katikati, tunarudi kwenye randa. Usipopenya, tunapaka gundi. Mwaka huu wote kwangu mwanga haujapenya hata mara moja, na mtaa mzima niliutangazia.

Juma lililopita niliwahi kazini, nikamkuta Bawaba anapiga randa mbao nilizozimaliza jana yake. Nikamuuliza anafanya nini na kazi yangu.

"Nazifuta vumbi tu, baba."

"Tangu lini vumbi likatoa maranda?"

Nikachukua mbili ambazo hajazigusa, nikazisimamisha dirishani. Giza tupu. Nikamwambia, "Tazama zilivyokaa, kama zimezaliwa pamoja." Akaokota kipande cha karatasi ngumu, akakipitisha katikati ya mbao zangu, kikatokea upande wa pili. Mpwa wangu, afadhali angenitukana. Kumbe kila asubuhi, kabla sijafika, mtoto huyu anairudia kazi yangu yote, halafu nikifika ananisifu.

Basi nikazidi kuing'ang'ania ile ya kumi na mbili. Nilisema kama ni mashine ya kuchukua nafasi yangu, iwe kubwa yenye heshima zake. Bawaba akaniuliza, "Baba, ubao wa upana huo umeingia humu lini?" Nikamwambia utaingia. "Utoke msitu gani?" Yule mchomeleaji jirani, anayechungulia kila ugomvi wetu, akadakia: "Mzee, hilo dude linataka umeme wa fezi tatu, ule wa viwandani. Mimi nikichomelea geti moja tu taa zenu zinasinzia. Ukiliwasha wewe, mtaa mzima utakula gizani na kulitaja jina lako." Nikamwambia akachomelee mdomo wake.

Nikachukua chaki, nikaichora mashine sakafuni kwa vipimo ulivyotuma, urefu na upana. Ikaingia! Nikapiga kofi, nikawaambia waje waone fundi anavyopima. Bawaba akachukua mbao ya fremu, futi saba, akaishika usawa wa kiuno na kutembea nayo polepole juu ya chaki kama anayeisukuma kwenye kisu. Haijapita hata nusu, ikagonga benchi langu la kazi.

"Umepima mashine, baba," akasema. "Hujapima mbao inayopita."

Nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji. Maisha yangu yote ubao umelala kwenye benchi, nikautembelea mimi na randa. Kwenye mashine kisu kinakaa na ubao ndio unaotembea. Unataka urefu wake mbele na urefu wake nyuma. Jambo hilo halikunipitia kichwani, mimi ambaye mafundi wa mji huu walikuwa wananiita niwapimie.

Nikafuta, nikachora ya inchi sita. Fremu ikagonga benchi vilevile, maana mbao ni ileile. Na meza ya hiyo ya sita ni fupi, ubao wa futi saba utayumba mwishoni na kutoka na tumbo. Nikaigeuza mshazari, ikaziba mlango. Hakuna ukubwa unaolinusuru benchi, mpwa wangu. Nimechora mpaka chaki ikaisha.

Bawaba akasema, "Basi tuache. Tutaendelea kwa mkono." Alisema hivyo ili benchi libaki, yaani nibaki mimi. Niliutazama mgongo wake, umeshaanza kupinda kama wangu, naye bado kijana. Nikaona huyu atanyoosha mbao zake mchana na zangu alfajiri mpaka aharibike, na wateja watazidi kwenda kwa wenye mashine. Nikamwambia itakuja ya inchi nane, na amri ndani ya karakana hii bado ni yangu.

Kwa hiyo tuma ya nane. Meza yake inatosha fremu zetu, umeme wa nyumbani inauweza, na mbao za siku hizi hazizidi hapo. Kabla hujaichukua, laza rula ndefu ya chuma juu ya meza zote mbili, ya mbele na ya nyuma ya kisu, uhakikishe ziko sawa. Wauzaji wa vitu vilivyotumika nawajua, wana ndimi za asali. Wala usichelewe, maana huku hakuna tena pa kurudi.

Benchi nililijengea humohumo ndani, kabla mlango haujapunguzwa, kwa hiyo kutoka zima haliwezi. Juzi nimelikata. Bawaba alikataa kushika msumeno, akaenda kusimama nje. Vipande viko uani. Mimi sasa nakaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani. Jana aliingia bwana mmoja mwenye dirisha bovu, akaketi karibu nami, akaniuliza kama na mimi namsubiri fundi. Nikamwambia ndiyo.

Sitaki unitumie maneno ya kunipoza. Sioni kesho yangu humu, na sikuandika ili nionyeshwe. Tuma mashine.

Msalimie dada yangu, mwambie asinililie, ananijua. Msalimie mkeo na wajukuu zangu, na yule mdogo anayeng'ata penseli umwache ang'ate, ndivyo nilivyoanza. Bawaba anawasalimu wote. Mwenyezi Mungu akuepushe na ajali za kazini, akupe macho ya kudumu na mikono ya kuyatii.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hata nikikukaripia,

Fundi Mkuu.

Kama huamini kwamba benchi nililikata mwenyewe, muulize mchomeleaji. Ndiye aliyenishikia upande wa pili. Atakuambia mstari ulinyooka mwanzo hadi mwisho. Mengine aliyoyaona nimemkataza kuyasema.