Kaskazini na Kusini Juu ya Sinia

Al Khoudh, Maskati

Baba yangu mpenzi, Mwalimu wangu,

Shikamoo. Najua barua hii unasomewa na mdogo wangu Zaina. Kwa hiyo wewe Zaina, soma taratibu, usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka shuleni. Macho yanaendeleaje, Baba? Mama aliniambia kwenye simu kwamba sasa unamtambua mtu kwa sauti tu, na kwamba umekataa kupasuliwa mtoto wa jicho mpaka mimi nije nikushike mkono. Nililia, kisha nikacheka. Mtu aliyetembeza fimbo darasani miaka yote ile, leo anaogopa sindano!

Mimi mzima, alhamdulillahi. Nyumba ninayofanyia kazi ni ile ile ya Bibi Zuwena, mzaliwa wa Unguja aliyekuja huku akiwa msichana, na mjukuu wake Thuraya anayesoma chuo kikuu hapa karibu. Nakula nao sinia moja. Nilipougua homa, Bibi alinikorogea uji kwa mkono wake mwenyewe. Nayasema haya mapema ili usije ukawafikiria vibaya.

Jambo moja tu lilikuwa limenikwama kooni, nalo ni pasipoti yangu. Siku niliyofika Bibi aliichukua akaifungia kabatini pamoja na dhahabu zake, eti isipotee. Ndiyo desturi ya nyumba nyingi za huku, na yeye wala hakuona kama kuna ubaya. Kila nikiomba ruhusa ya kuja kukuona, ananiambia baada ya Ramadhani. Ramadhani ikapita, ikawa baada ya Hija. Mimi nikawa nanyamaza, huku nasikia macho yako yanazidi kuingia giza.

Wiki iliyopita Thuraya akaja jikoni machozi yanamlengalenga. Alitakiwa asimame mbele ya wenzake aeleze jinsi Marekani ilivyogawanyika kwa sababu ya utumwa, kabla hawajapigana wenyewe kwa wenyewe. Kitabu kinene, hajui aanzie wapi. Nikamwambia, "Hilo tu? Nipe sinia."

Baba, ungeniona siku hiyo! Shule niliiachia kidato cha pili, lakini somo lile nilikuwa nalo kichwani vilevile ulivyotufundisha barazani kwetu kwa ungo, mahindi na kunde. Mahindi makavu hatukuwa nayo, nikachukua mbaazi na choroko. Mbaazi nikazipanga juu, ndiyo majimbo ya Kaskazini yasiyo na watumwa. Choroko nikazimwaga chini, ndiyo Kusini kwenye mashamba ya pamba. Nikamwonyesha walivyokuwa wakiviziana, kila upande unaogopa kuzidiwa kwenye baraza la kutunga sheria. Missouri ikiingia kwenye muungano na watumwa wake, Maine nayo inaingia bila watumwa, ili sinia lisilalie upande. "Na usidhani Kaskazini walikuwa malaika," nikamwambia kwa sauti yako kabisa. "Viwanda vyao vilifuma pamba hiyo hiyo." Kisha ikaingia California bila watumwa, na upande wa pili haukupewa mwenza. Kusini wakanuna. Katika kuwabembeleza ikakazwa sheria kwamba mtumwa akitorokea Kaskazini, hata huko akamatwe arudishwe.

Hapo Bibi akaingia. "Jamani, mnachagua mbaazi au mnacheza bao?" Thuraya akamweleza, naye akavuta kiti akasikiliza.

"Sasa hao mabwana, Dada, hawakuona kama ile ni dhulma?" Thuraya akaniuliza.

"Walijiona wema," nikamjibu. "Walisema, anakula kwangu, anavaa kwangu, ana nini cha kulilia? Na mtumwa hakutembea bila karatasi ya ruhusa ya bwana wake. Mwenye karatasi ni bwana, kama pasipoti yangu ilivyo kabatini kwa Bibi."

Wallahi, Baba, sikukusudia. Ulimi hauna mfupa, ulishateleza. Bibi aliinuka akatoka. Nikajua nimejiharibia, ruhusa ndiyo basi, pengine na kazi yenyewe. Mchuzi wa siku hiyo niliutia chumvi mara mbili, na hakuna aliyelalamika. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Asubuhi nilipopeleka chai, nilimkuta Bibi amekaa na sinia lile lile mbele yake, tupu, na juu yake pasipoti yangu.

"Chukua chako," akasema. "Mie nikidhani nakuhifadhia. Babu yangu akitusimulia shamba la karafuu la baba yake, na watumwa waliokuwamo. Kila akimaliza husema, wakila, wakivaa, wana nini cha kulilia? Jana nimeyasikia yale yale kinywani mwako."

"Bibi, mimi si mtumwa wako," nikamwambia. Nilitaka kumpoza.

"Najua. Ndiyo maana nnakurejeshea. Nenda kamtazame babako, ukitaka kurudi, nyumba unaijua."

Nilimshika mikono nikalia kama mtoto. Nashukuru, Baba. Namshukuru yeye, maana si kila mtu mzima hukubali kusahihishwa jikoni kwake. Na wewe nakushukuru zaidi. Nilikuwa nikiona haya kwamba elimu yako yote iliishia kwenye masufuria yangu, kumbe haikupotea. Thuraya alibeba mbaazi na choroko hadi chuoni, na wenzake walipomuuliza nani kamfundisha, akasema ni mwalimu mmoja wa Muheza ambaye hajawahi kumwona.

Nisalimie Mama, mwambie asiuze yule jogoo. Shangazi Mwanjaa, jirani yetu wa mlango wa pili, mpe shikamoo yangu na umwambie udi wake nitamletea. Zaina nawe, mwambie daktari apange siku, mimi nafika kabla mwezi mwingine haujaandama.

Baba, siku utakayofunguliwa kitambaa cha macho usihangaike kunitafuta usoni nimezeeka kiasi gani. Nitakuwa nimekuwekea ungo mapajani, wenye mahindi na kunde, na safari hii mimi ndiye nitakayeuliza maswali.

Mwanafunzi wako, mwanao,
Mwanahamisi