Mlango wa Baba Sasa Unasema 15,015

Nyumbani,
Jumapili jioni.

Mpendwa mdogo wangu Kumi na Saba,

U hali gani huko uliko? Kazi inakwendaje, na kile kikohozi chako kimepona? Nakuuliza kana kwamba utanijibu. Sisi tunapumua, tushukuru hata kwa hilo.

Baba hali yake si nzuri. Kikombe kinamshinda mkononi, yeye aliyekuwa akiranda mbao kutwa nzima. Daktari ametuambia tukae naye tu nyumbani, na ukishaambiwa hivyo umeambiwa yote.

Unaikumbuka namba yetu kwenye mlango wa chumba chake? Aliiandika kwa penseli yake nene ya useremala ulipozaliwa: 510,510. Mama mbili, yeye tatu, kaka mkubwa tano, kisha Saba, Kumi na Moja, mimi Kumi na Tatu, na wewe kitinda mimba. Namba tasa saba za mwanzo, zimezidishwa pamoja. Alivyojivuna! Mgeni hajakaa vizuri, keshaambiwa: "Igawe kwa mwanangu yeyote, haibaki kitu. Jaribu kwa kumi na tisa uone kama hujaaibika!" Na sisi watatu wa katikati tulivyokuringia: saba mara kumi na moja mara kumi na tatu ni 1,001, ndiyo maana 510 inajirudia. Ulikuwa unalia kwa wivu, weee!

Mama alipofariki, Baba aligawa kwa mbili. Ikawa 255,255, namba witiri, na hakuna tena wa kuirudisha kuwa shufwa. Lakini wewe ulipoondoka, simu yako ikawa haipatikani na majirani wakaanza kunong'ona, alikataa katakata. "Aliye mbali hagawanywi," alisema. "Hugawanywa marehemu tu." Kila asubuhi aliijaribu kwa kumi na saba, pembeni, akiona haibaki kitu anasema, "Yumo," ndipo anywe chai.

Jana asubuhi nilikuta mlangoni 15,015. Baba amegawa kwa kumi na saba.

Nilipiga kelele mpaka kaka mkubwa akaja mbio. Alitikisa kichwa tu, akasema mzee amechoka kungoja, tumwache. Sikumwacha. Nilichukua kitambaa chenye maji, nikafuta, nikaandika tena 255,255. Baba akaja ameshika ukuta, akaitazama, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hesabu yako ina kosa." Akairekebisha, ikawa tena 15,015.

Kama u hai, yeye ndiye aliyekosea, na wa kumwonyesha kosa lake ni wewe peke yako. Njoo, au piga simu akusikie hata ukikohoa. Ila nisikufiche, naandika nimeshakata tamaa. Barua zangu zote za nyuma ni kama nilizitupa shimoni.

Kaka mkubwa anakusalimu, Saba na Kumi na Moja pia. Mungu akufunike popote ulipo. Baba hajatuma salamu. Nilipomwambia nakuandikia, aliniuliza, "Marehemu anaandikiwa?"

Dada yako akupendaye hata usipojibu,
Kumi na Tatu.