Mke Wangu na Shemeji Yake Kwenye Kiti cha Mbele

Mpendwa Mama Ellinor,

Kabla sijakulilia, nataka ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa mikosi. Mimi Torkild nina bahati mpaka watu hapa Aalborg wananisema, nimeendesha lori la samaki Ulaya nzima, nimelala Napoli, nimeshiba Lisbon, nimegombana na polisi wa Marseille kwa lugha nisiyoijua na nikashinda, shule niliacha mapema lakini ramani zote ziko hapa kichwani, na kilele cha bahati zangu ni majira ya baridi yaliyopita pale ukumbi wa michezo kwenye banko, ule mchezo wetu wa kufunika namba, wenzangu wakaondoka na bata na pakiti za kahawa, mimi nikaondoka na safari ya watu wawili, meli kubwa ya kwenda kutazama milima ya Norway, chumba chenye roshani, chakula mpaka uombe msamaha. Mke wangu Jytte siku hiyo alikuwa kitandani na mafua kwa hiyo hakuniona nikishinda, lakini nilipomwambia aliketi akalia kwa furaha, akasema Torkild, hatimaye na mimi utanipeleka mahali.

Sasa naomba msaada wako, maana safari hiyo imeivuruga nyumba yangu.

Meli ilikuwa inaondokea Copenhagen, tukapanda ndege hapa Aalborg, na Jytte alitaka tukifika tuchukue teksi mpaka bandarini nikakataa, si kwa ubahili, nikamwambia mtu aliyeingiza lori kwenye vichochoro vya Napoli hawezi kuomba teksi Copenhagen, tutapanda metro pale pale uwanja wa ndege, tutashuka Kongens Nytorv, tutabadilisha treni mpaka Orientkaj, halafu basi linatumwaga mbele ya meli. Nilijipanga kama jenerali. Basi tunatoka na mabegi yetu, milango inafunguka, namwona nani? Mdogo wangu Kresten, amesimama na kibendera cha taifa cha karatasi anakipunga, kama tunavyowapokea watu waliotoka mbali. Tumetoka Aalborg, Mama Ellinor, hata kahawa ya ndegeni hatujaimaliza. Na amevaa shati lililopigwa pasi. Akamwambia Jytte, "Karibu mjini, shemeji," halafu akanitazama mimi akasema, "Kumbe na mzigo umekuja."

Kresten ni mjane, mkewe Agnete alifariki wakati majani yanapukutika, mimi mwenyewe nililibeba jeneza na nililia kuliko wote, kwa hiyo usinione sina moyo. Lakini nikueleze na mengine. Ujana wetu, kwenye dansi, aliyecheza na Jytte kwanza ni yeye, mimi nilimpata wimbo wa pili. Halafu miaka ile mimi niko barabarani, yeye alikuwa bado anaishi Aalborg, nani alitengeneza baiskeli ya mke wangu? Kresten. Joto la nyumba likizimika, Kresten. Binti yetu anapata kipaimara, mimi nimekwama kwenye theluji mpakani mwa Italia, aliyesimama kunako picha upande wa baba ni Kresten, na picha hiyo iko ukutani kwangu, naipita kila nikienda chooni.

Unazijua treni zetu za metro hazina dereva, mbele kabisa kuna dirisha na viti viwili, watu wazima wanavikimbilia kuliko watoto. Kresten alikimbia, akaweka kofia yake kwenye kiti cha pili, akamwita Jytte, "Shemeji, njoo uendeshe." Jytte akacheka kicheko ambacho nyumbani kwangu sijakisikia tangu sijui lini. Mimi nikabaki nyuma na mabegi kama mchukuzi. Treni ikapita juu juu bahari unaiona, mara ikazama ardhini, kukawa giza dirishani, na wao sauti zikashuka, na nikaona mkono wa mke wangu umekwenda juu ya mkono wa mdogo wangu, ukakaa. Haukugusa ukaondoka. Ulikaa.

Pale Kongens Nytorv tukashuka ngazi za umeme, wao mbele mimi nyuma, tukaingia treni ya pili, wakapata tena kiti cha mbele kama wamepanga na jiji zima, mimi nikayasukuma mabegi ndani, ndipo nikakumbuka kadi ya nauli. Si unajua ukibadilisha treni lazima uigonge tena kadi kwenye nguzo? Na unatujua sisi, mtu anaweza kusahau kumzika baba yake lakini kadi ataigonga. Nikatoka bila kumwambia mtu, nikagonga, nguzo ikalia, nikageuka, milango imefungwa. Dereva wa kumpigia kelele hakuna. Kati yangu na mke wangu kuna vioo viwili, cha jukwaa na cha treni. Jytte akasimama, akaweka kiganja kwenye kioo. Kresten naye akasimama, akanipungia kile kibendera. Halafu wakaondoka na mabegi yangu.

Treni nyingine ikaja hapo hapo. Nikaiacha ipite. Nikaiacha na iliyofuata, maana nilisema moyoni, akinipenda atarudi. Hakurudi. Nilipofika Orientkaj nikadhani nitamkuta jukwaani, hayupo, nikapanda basi peke yangu katikati ya wazee wenye mabegi mapya wanachekacheka, na basi liliposimama gatini nikawaona. Wamekaa kwenye benchi, meli nyuma yao kama ghorofa lililolazwa, kichwa cha Kresten kiko begani kwa mke wangu na mkono wa mke wangu umemzunguka.

Nikasema, "Naona hamkunihitaji."

"Kaa, Torkild," Jytte akasema. "Nafasi ipo."

"Nafasi ya ngapi?"

Kresten akajipangusa uso, akacheka kidogo, akasema walidhani nimerudi Aalborg kwa miguu, kisha akaninyooshea kile kibendera niingie nacho melini. Nikakipokea nikakitupa chini. Chini kwenye lami, Mama Ellinor, bendera. Najua. Baba yetu angekuwa hai angenizaba kofi. Jytte akainama akakiokota, akakifuta kwa mkono wa sweta, na maneno aliyoniambia nayatafuna mpaka leo. "Umewahi kumuuliza mdogo wako kwa nini amekuja mpaka hapa? Au nikuulize wewe?"

Kresten akaaga, akarudi na basi lile lile. Norway sikuiona, ilipita tu dirishani. Jytte aliongea na wahudumu, aliongea na wajane wa Kiswidi, mimi niliambiwa nipitishe chumvi. Sasa tuko nyumbani na kibendera amekiweka kwenye glasi dirishani jikoni, kila nikinywa kahawa kinanitazama. Jumamosi hii ni siku ya kuzaliwa ya Kresten, na Jytte amejikatia tiketi ya ndege, yake peke yake, anasema anakwenda kumrudishia bendera yake. Ameniambia, "Ukija, njoo kama ndugu. Usipokuja, nikirudi tutazungumza nani anabaki katika nyumba hii." Kwa utulivu kabisa, huku anamenya viazi.

Je, nimkataze? Nimfuate kimya kimya nikawakute? Au nimwache aende na mimi nianze kutafuta chumba? Nina wivu mpaka nasikia ladha yake mdomoni, nimeacha hata kuchekesha watu. Nishauri, lakini nishauri kama mtu mwenye bahati, si kama mtu wa kuhurumiwa.

Torkild, Aalborg

*

Bwana Torkild,

Pole. Nasema pole kwa dhati, wivu unauma kama jino na mwenye jino haambiwi acha kuugua. Sasa kaa wima tuongee.

Mkeo haibiwi. Watu wa mapenzi ya wizi hawakai kwenye benchi la kituo cha basi, mchana, mahali ambapo basi linalofuata litamshusha mume. Nimeisoma barua yako, nikaisoma tena, na nilichokiona ni mwanamume aliyezika mkewe juzi analia begani kwa shemeji yake. Ulilibeba jeneza la Agnete, halafu ukashuka ndegeni umesahau kwamba amekufa. Katika barua yako yote huyo marehemu amepata mstari mmoja. Kadi yako ya treni imepata zaidi.

Na hiyo kadi usinichezee nayo. Kutoka kuigonga, sawa, hata mimi ningetoka. Lakini treni za pale zinafuatana kama bata, na wewe ukaziacha zipite. Hapo ulikuwa humtegei mtu isipokuwa mkeo, umemwachia mabegi mazito, mwanamume mwenye msiba na meli isiyongoja mtu, halafu unataka avunje vioo akufuate. Yeye alikwenda mpaka mahali ambapo angekuona kila basi likifika. Akakuwekea nafasi kwenye benchi. Ukauliza ya ngapi.

Kuhusu zile baiskeli na lile joto la nyumba, mwambie Kresten asante, kama hujawahi kumwambia. Kilichokukaa rohoni si mdogo wako, ni ile miaka uliyokuwa unashiba Lisbon huku nyumba yako inaendeshwa na mwingine. Inauma, naelewa. Basi mwambie Jytte kwamba inauma, usiitundike shingoni mwa Kresten.

Ya bendera sisemi, baba yako alishasema.

Lakini kuna jambo moja limenikaa vibaya, na huenda ukanikasirikia. Mkeo alikuuliza swali lenye ncha mbili. Ncha ya kwanza, kwa nini Kresten amekuja mpaka bandarini. Ya pili ilikuwa yako wewe, na wewe umeniandikia swali lenyewe bila jibu, ukakimbilia Norway. Mimi nimecheza banko katika kumbi za nchi hii tangu nina meno yangu yote. Nimeona watu wakishinda bata. Nimeona paja la nguruwe, mara moja nikaona baiskeli. Chumba chenye roshani sijakiona. Sikushtaki. Nasema tu kwamba aliyeshinda kweli haanzi barua ya kuomba msaada kwa kueleza alivyoshinda. Kama kuna kitu kuhusu safari ile mnakijua wewe na mdogo wako, mwenye haki ya kukisikia ni Jytte, na akisikie kwako.

Kwa hiyo hutamkataza na hutamfuata kimya kimya, wewe si polisi wa Marseille. Kata tiketi ya ndege ile ile. Mwombe Jytte kibendera, ukibebe wewe, kwa mkono wako. Mkifika, Kresten na Jytte wakae kiti cha mbele na wewe usimame nyuma yao, uone kama utakufa. Kwenye kubadilisha treni, ukitaka kugonga kadi fungua mdomo useme nisubirini. Nendeni hadi gatini, hata kama hakuna meli, ukamwombe Kresten msamaha pale pale ulipomkosea. Lakini lile la safari, ambalo ni la Jytte, usilipeleke hadi huko. Mwambie kabla hamjapanda ndege, mkiwa wawili. Ukimwambia mbele ya Kresten utamlazimisha mdogo wako akutetee tena, na naona amekutetea vya kutosha.

Umesema nisikuhurumie. Nimejitahidi.

Ellinor

*

Jibu hili nilimtumia Bwana Torkild kabla halijachapishwa, ili limfikie kabla ya safari. Jumamosi asubuhi akaniandikia kwa simu, na ameniruhusu niweke yote hapa.

Mama Ellinor, niko uwanja wa ndege Aalborg. Kibendera kiko mfuko wa juu wa koti langu, kimesimama, watu wanadhani nina sherehe. Jytte amekwenda kuchukua kahawa.

Siku ile ya banko sikufunika hata mstari mmoja. Safari ilikuwa ya Kresten na Agnete, waliikatia tiketi kabla Agnete hajaanza kuugua. Baada ya mazishi Kresten akanipa, akasema kaka nendeni nyinyi, mimi katika chumba kile siwezi kulala peke yangu. Nikamwomba asimwambie Jytte, nikamwambia nitasema nimeshinda, kwa sababu miaka yote ile sikuwahi kumletea mke wangu kitu zaidi ya nguo chafu. Akakubali, hata hakuuliza. Alikuja bandarini kuiona meli ya mkewe, basi. Na mimi nikakitupa kibendera chake chini.

Nadhani Jytte anajua. Nadhani amejua tangu kwenye kile kiti cha mbele, na ananingoja mimi. Namwona anarudi na vikombe viwili.

Sikushinda chochote. Nilipewa.