Baba Amekomba Kikaango

Mama,

Amekula! Baba amekula! Nisamehe mwandiko, naandika mbiombio. Ninakuandikia kwa Kiswahili ulichonifundishia dua, ingawa huku mtaani kwetu Ampisikina siku nzima ni Kimalagasi, na Kifaransa kwa wenye ofisi.

Tangu tulipokuzika Dzamandzar, Baba hakuwa mtu wa kula. Nilimchukua huko kisiwani Nosy Be nikamleta kwangu Mahajanga, nikidhani mji utamchangamsha. Wapi! Alikaa akiukabili ukuta, mwili ukamwisha, hata kwenda msikitini alishikwa mkono. Daktari akasema apunguziwe nazi na mafuta, lakini ale, ale chochote. Nami nikajitesa kupika vyako, Mama. Samaki wa kupaka, mchuzi wa kamba, maandazi. Kila mara alionja tonge moja, akasukuma sahani.

"Siyo wa mama yako."

Hayo tu. Nikawa naingia jikoni kulia.

Leo nimetoka kwa fundi ninakoshonea, mvua imenipiga njia nzima. Soko limefungwa, makaa yamelowa chapachapa. Mume wangu Saidi yuko bandarini, zamu ya usiku. Nikasimama jikoni, maji yananichuruzika, nikasema leo sina nguvu ya kumwiga mtu. Nikapampu jiko la mafuta ya taa. Rafuni palikuwa na kopo la sadini, kopo la njegere na nyanya ya kopo, vyote vya dukani kwa Mhindi. Najua, Mama, najua! Wewe kopo ulilijua la kuchotea maji tu.

Nikayamwaga mafuta ya sadini, nikabakiza tone la kukaangia kitunguu na tangawizi. Nyanya ikafuata, ikachemka ikawa nyekundu nzito, nikatia njegere, na fungu la mchicha lililobaki tangu asubuhi. Kiporo cha wali nikakivuruga humohumo, sadini juu, nikakamua limau. Kikaango kimoja! Nimeanza baada ya magharibi, na isha haijaadhiniwa chakula kiko tayari. Harufu ile, Mama! Njaa ikaniuma mimi mwenyewe, mimi niliyesahau njaa.

Sikupakua hata sahani. Nikaweka kikaango mkekani mbele ya Baba, nikampa kijiko. Akaonja. Akanitazama, kwa mara ya kwanza akanitazama hasa.

"Hiki mama yako hakuwahi kupika."

Nikasema, "Hapana, Baba. Ni changu."

"Basi nisogezee karibu."

Akala! Akala, jasho likamtoka puani, akakomba ukoko kwa kijiko mpaka ukalia kwaru kwaru. Mimi nacheka, machozi yananitiririka. Na aliposhiba akaanza kukutaja, yeye ambaye tangu mazikoni jina lako halijamtoka mdomoni. Akanieleza mchuzi wako wa kwanza ulipokuwa bibi harusi: ulitia chumvi mara mbili kwa woga, naye akaumaliza wote, kisha akanywa mtungi mzima wa maji nje ya nyumba usimwone. Kumbe! Miaka yote ukijisifu kwamba siku ile ndiyo ulimteka!

Tumecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu akalia, Mama, kilio cha sauti, nikamwacha alie. Alipotulia akaomba maji ya kutawadha, akauliza kesho nitapika nini.

Mapishi yako sikuyatupa. Nitampikia siku akiyaomba mwenyewe, nadhani sasa atayaomba. Amesema mvua zikikatika tupande meli, twende tukusomee dua. Nitamleta, Mama. Nakuahidi atapanda kile kilima cha makaburini kwa miguu yake, bila kushikwa mkono.

Mungu akunurishie kaburi. Lala, Mama yangu. Mzee wako yuko kwangu, na ameshiba.

Mwanao,
Zaina