Staringi Anafanana na Nani?

Baba yangu mpendwa,

Huko uliko sijui kama kuna sinema. Huku mtaani tumekuwa nazo wiki nzima, na nakuandikia wewe kwa sababu nimejaribu kuwasimulia wengine na hawacheki panapostahili. Unaukumbuka ule ukumbi nyuma ya soko, uliogeuzwa stoo ya viti vya harusi na maskani ya paka? Vijana wameuchukua. Wamepaka rangi, wamejenga jukwaa la mbao, wametundika pazia kubwa jeupe na kuwafukuza paka wote isipokuwa mmoja mnene ambaye naona aliwashinda. Sasa ni kituo cha sanaa. Usicheke. Najua ungeuliza, "Sanaa gani, na choo hakina mlango?" Choo kina mlango, Baba. Nilikwenda kukagua kwa niaba yako.

Kila jioni kulikuwa na jambo. Wasichana wa Kariobangi walicheza sarakasi, wakapandana mabegani mpaka yule wa juu kabisa akagusa dari, nami nikabaki mdomo wazi kama mtoto. Siku iliyofuata wakaja washairi wa Sheng. Nusu ya maneno yao yalinipita, maana Sheng yangu ni ya zamani na wanangu wananiambia imeoza, lakini ile nusu niliyoishika ilinikaa rohoni. Nilirudi nyumbani nikijivunia hawa watoto wetu ambao hakuna aliyewafundisha, halafu nikafungua mlango nikamkuta Mama ameketi mbele ya televisheni iliyozimwa.

Hapo ndipo penye shida, Baba. Tangu tukuzike kule Kitui, Mama hajalia. Watu wa kanisa wanamsifu kwamba ana imani, kwamba amejikaza. Mimi naishi naye, naona kwamba anakauka. Hataki wageni, chakula anakigusa tu, na televisheni hataki hata kuisikia. Niliiwasha mara moja, akaniambia kwa upole, "Zima, Mutheu. Nani ataniambia wanafanya nini?"

Nikazima. Kazi hiyo ilikuwa yako. Presha ya macho ilipompofusha Mama, mimi nikiwa bado shule ya msingi, wewe hukutoa hotuba yoyote. Ulirudi na lori la soda, ukanawa miguu, ukavuta kigoda chako hapo sebuleni kwetu Makongeni, ukakaa karibu na sikio lake na kuanza kumwambia sinema. Hukumwambia kwamba adui ni mrefu mwenye sura mbaya, kwa sababu sura mbaya ziko nyingi. Ulimtafutia sura alizokuwa amezijua kabla macho hayajafunga. "Adui anafanana na yule karani wa reli asiyeitikia salamu. Mke wake ni yule Mama Njoki wa mboga, lakini mpe nywele ndefu na hasira." Mama alikuwa akitulia kidogo, kisha anasema, "Enhe, nimemwona." Sisi watoto tulikuwa na macho mazima, na bado tulikutazama wewe kuliko televisheni.

Na staringi je! Sote tuliokulia huku tuliliona neno hilo la Kiingereza mwanzoni mwa kila sinema, juu ya jina la mtu, tukaamini ndicho cheo chake: kuna adui, kuna askari, na kuna staringi mwenyewe. Mama alikuwa hakosi kuuliza, "Staringi anafanana na nani?" Nawe jibu lako lilikuwa moja. "Na mimi." Awe Mchina anayeruka juu ya mapaa, awe mzungu wa macho ya buluu, anafanana na wewe. Siku ile staringi alipokuwa mwanamke ulikwama kidogo tu, kisha ukasema, "Anafanana na mimi, lakini amevaa gauni." Mama alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kitambaa cha meza, na hakukasirika.

Kwa kuwa alifanana na wewe, staringi hakuruhusiwa kufa. Hiyo ndiyo sheria uliyoiweka. Damu ilikuwa imetapakaa kila mahali, muziki wa msiba unapigwa, wajane wamevaa nyeusi, nawe unamwambia Mama, "Amezimia tu. Amelala, alikimbia sana." Tukikutazama ulitukodolea jicho, nasi tukajua kunyamaza.

Basi katikati ya wiki hiyo Mama akaniuliza bila utangulizi, "Hao watu wa sinema wana viti vyenye mgongo?" Mama Halima, yule jirani yetu wa leso za jumla, alikuwa amempigia kelele dirishani kuhusu sinema hizo. Nilimvisha Mama sweta kabla hajabadilisha mawazo. Tukaenda watatu, Mama katikati yetu.

Msichana aliyekuwa akiendesha shughuli alipanda jukwaani. "Niaje watu wa mtaa! Mko fiti?" Mama akajibu kwa sauti, "Tuko fiti, mwanangu," ukumbi mzima ukacheka, naye Mama akakaa akitabasamu. Sijakwambia ni muda gani nilikuwa sijaliona tabasamu hilo.

Sinema yenyewe ilitoka Afrika Magharibi. Wanaongea Kifaransa, na tafsiri ya Kiingereza inapita chini mbio. Nilisikia Mama akivuta pumzi, akanigusa mkono. "Staringi anafanana na nani?"

Baba, nilikuwa na nafasi ya kumtaja mtu mwingine yeyote. Lakini kwenye pazia alikuwepo mzee mwembamba, fundi wa baiskeli, kofia imeinamia upande mmoja, anatembea kama mtu aliyeshuka kwenye lori sasa hivi. Nikasema kweli. "Anafanana na Baba."

"Enhe," akasema Mama. "Nimemwona."

Nikaendelea kwa kunong'ona. Fundi anamtafuta binti yake mji hadi mji, anatengeneza baiskeli za watu ili apate pa kulala. Mwenye nyumba anayemfukuza anafanana na yule karani wa reli. Hapo nyuma kijana mmoja akaita, "Siste, paza sauti bana, huku hatuskii!" Nikadhani ananisuta. Kumbe alimaanisha hivyo hivyo. "Hizo maandishi zinapita na speed, we tuambie tu." Mama Halima akanipiga kiwiko, "Sema, mama, sema." Nikasimama, Baba, nikapaza sauti. Nikawataja watu wa mtaa mmoja mmoja, na kila nilipompa mtu sura ya jirani, watu waliangua kicheko. Ndipo nilipojua kazi yako ilivyokuwa ngumu. Unaona, unachagua, unasema, na kabla hujameza mate sinema imeshahamia mahali pengine. Wewe uliifanya baada ya kushusha makreti kutwa nzima, na hata siku moja hukumwambia Mama angoje.

Kisha mzee akampata binti yake. Aliketi chini, mgongo umeegemea ukuta wa nyumba ya yule msichana, kofia mapajani, akimngojea alete maji. Binti akatoka. Akamwita. Kikombe kikaanguka.

Nikanyamaza.

"Mbona umenyamaza?" Mama akauliza. "Staringi yuko wapi?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Amelala tu, Mama, ametembea sana. Lilikuwa jibu lako, na hata kwenye pazia alionekana kama aliyelala. Niliketi nikamshika Mama mkono, naye akaushika wangu kwa nguvu.

"Mutheu, mimi si mtoto. Baba yako alikuwa ananidanganya kila mara. Ule muziki nilikuwa nausikia. Nilimwacha, kwa sababu alifurahi sana kuniokolea watu. Lakini wewe niambie. Amekufa?"

"Amekufa, Mama."

"Staringi?"

"Ndiyo, Mama. Staringi."

Basi akalia. Alilia kwa sauti, katikati ya ukumbi, akakuita kwa lile jina lako la ujana ambalo sisi watoto haturuhusiwi kulitamka. Mama Halima alikilaza kichwa cha Mama begani mwake, akamwambia, "Lia, dada yangu. Ulichelewa." Hakuna aliyesema shh. Yule msichana mwendeshaji alikuja mbio na chupa ya maji, uso umemshuka. "Pole, mathe. Tuzime?"

Mama akainua kidole, machozi yakimtiririka. "Usizime. Huyu hajamaliza kuniambia."

Nikamaliza, kwa sauti niliyoweza kuipata. Nilimwambia jinsi binti alivyoichukua ile kofia, akaitundika kwenye usukani wa baiskeli, akaisukuma taratibu barabarani. Tulipotoka nje, Mama alijifuta uso kwa leso ya Mama Halima, akasema nimejitahidi, ila sijui kueleza nguo. "Baba yako alikuwa ananiambia mpaka vifungo." Usiku huo alikula ugali wake wote akaomba nyongeza ya sukuma.

Nimewaza sana kuhusu ule uongo wako. Zamani niliudhani ni mzaha wa baba mchangamfu. Sasa nauona ulivyokuwa: mtu amechoka, ana lori la kuendesha alfajiri, na bado anakaa kwenye kigoda akihakikisha kwamba ndani ya nyumba yake, mbele ya mke wake, hakuna anayekufa. Sijawahi kukutana na mwanamume mwingine wa namna hiyo. Na Mama aliyejua yote akanyamaza ili usikose raha yako, naye sijui nimwite nani.

Jumamosi wakafunga wiki kwa mchezo wa dansi usio na neno hata moja. Mama alikuwa wa kwanza kuvaa viatu. Tulikaa mbele, na wale vijana wa nyuma wakahamia karibu nasi bila kualikwa. Ngoma zikaanza. Akatokea msichana mmoja mwembamba, miguu imejaa vumbi la jukwaa, akaruka juu kana kwamba sakafu imemkataa, akatua, akaruka tena.

"Staringi anafanana na nani?" Mama akaniuliza.

Nilimtazama vizuri yule msichana kabla ya kujibu.

"Na Baba," nikasema. "Lakini amevaa gauni."

Mama alicheka, Baba. Kicheko kile kile cha siku ya chai. Akajifunga leso vizuri, akaegemea kiti chake chenye mgongo.

"Basi huyo hafi," akasema. "Haya, niambie vifungo."

Pumzika salama, Baba. Kigoda kina mtu.

Binti yako,
Mutheu