Nyama Niliyoiosha

Jumapili, Kishanda

Wewe kikongwe, najiuliza mwenyewe, nani alikutuma kuosha nyama ya mtu? Mikono yako haijui kutulia.

Mjukuu wangu Deo amerudi kutoka kwenye ujenzi wa reli, alikokuwa akiwapikia Wachina. Leo alikata nyama vipande vyembamba, akaipaka tangawizi, unga kidogo wa muhogo na yale maji yao meusi ya soya. Akaifunika, akaenda kuchota maji mtoni. Nikafunua, nikaona weusi, nikasema imeoza. Nikaiosha yote, nikaitupia kwenye ndizi ichemke.

Aliporudi nikamgombeza. "Mwanamume unashinda jikoni, na bado unaharibu nyama?"

"Haikuharibika, Bibi. Ilikuwa inalainika. Juzi nilikuona unatema nyama mkononi, nikajua meno yanakusumbua."

Nikamwambia meno yangu ni mazima. Uongo mtupu. Nyama nikakaa nayo mdomoni, ngumu kama ngozi, mpaka Deo alipogeuka nikamtupia mbwa. Nadhani aliona. 

Kesho nunua nyama nyingine, mpe Deo kisu, mwambie meno yamekwisha. Kisha utoke jikoni.