Kasoro Kumi na Moja

3 Februari

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Natumai u mzima na magoti yamepoa. Mimi sijambo, kazi tu imenibana.

Ile programu ya simu ya kuwashauri wanawake kuhusu ngozi, nywele na afya imekamilika. Nimeibuni mimi, rangi, vitufe na maneno yake yote. Sifa yake kubwa ni kwamba tumemsikiliza mtumiaji kwanza. Nimekutumia kiungo. Ijaribu hapo saluni, kisha niambie ukweli. Usinionee haya.

Mwanao

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yanauma vilevile, asante kwa kuyauliza.

Ukweli umeutaka mwenyewe. Nimeifungua hiyo programu yako. Hata salamu haina. Ikataka picha ya uso wangu, nikaipa. Ikazunguka weee, mwisho ikaniambia nina kasoro kumi na moja. Kumi na moja! Marehemu mume wangu aliishi nami miaka ishirini na sita, na mdomo wake mnaujua, hakuwahi kufikisha tatu.

Halafu kila kasoro ina kopo lake la kununua. Chini ya jicho, kopo. Kidevu, kopo.

Mimi nimeshika vichwa vya watu miaka thelathini. Mwanamke akikaa kitini namuuliza, "Enhe, leo unataka nini?" Yako haikuniuliza chochote. Sasa huyo mtumiaji mliyemsikiliza ni nani, na alisema nini?

Shangazi yako

14 Februari

Shangazi, shikamoo. Huku wote wazima.

Tuliwahoji wanawake wanane na wote waliridhika. Ni kweli wanafanya kazi katika jengo letu, lakini ni wanawake. Kwa heshima zote, wewe siye tunayemlenga. Wateja wako bado wanaosha uso kwa sabuni ya kufulia. Siwezi kubuni kitu cha leo kwa kuwafuata watu wa juzi.

Mwana wa kaka yako

2 Aprili

Mwanangu,

Habari za huko? Sisi tunapumua. Nilikaa kimya makusudi. Nilijua ningekuandikia neno lisilofutika.

Mwalimu wako wa darasa la kwanza, yule mama aliyekufundisha kushika kalamu, aliiweka programu yako kwenye simu yake. Ikamwona ana madoa, ikampa dawa kali ya kupaka asubuhi na jioni. Siku ya tatu uso ukawaka moto. Akaiuliza. Ikamjibu: "Usijali, ngozi yako inazoea. Endelea siku saba." Unamjua, ni mtu wa kufuata maelekezo. Siku ya sita ngozi ya mashavu ilitoka na taulo.

Daktari anasema makovu hayatafutika. Siku hizi anafundisha akiwa ameugeukia ubao.

Nilimuuliza, "Uliliaminije dude hilo?" Akasema, "Uliniambia limetengenezwa na mwanafunzi wangu."

Ndiyo, nilimwambia. Pamoja na dharau zangu zote, nilikuwa nikikusifu kwa kila aliyeketi hapa. Mjinga mimi.

Shangazi yako

30 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sijui niulizeje hali ya huko.

Jibu lile niliandika mimi, mchana mmoja huku nikila, ili watu wasikate tamaa wakaiacha programu. Sikumuuliza daktari yeyote. Lilinichukua dakika moja.

Nilimpelekea meneja habari za mwalimu. Akasema, "Mtu mmoja katika elfu arobaini? Hiyo ni takwimu." Nikaomba basi tuanze kwa kumuuliza mtu anataka nini, na kati ya majibu liwepo "Sina shida yoyote." Tukajaribu wiki moja. Zaidi ya nusu walibonyeza hilo wakaenda zao. Meneja alipoiona hesabu hiyo, akalitoa siku hiyohiyo. "Mwanamke asiye na shida," akasema, "kwetu sisi ni wa nini?" Wote mezani wakacheka. Nikakumbuka kwamba miezi miwili nyuma ningecheka nao.

Nimeacha kazi. Nakuja Jumamosi. Niulizie kama mwalimu atakubali kuniona.

Mwanao

4 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Tuko salama.

Umeacha kazi, umejisafisha, hongera. Ila jana nimeiambia programu kwamba uso unaniwaka. Ikanijibu nisijali, ngozi inazoea. Kwa hiyo wewe umetoka, maneno yako yamebaki kazini.

Jumamosi saluni hujaa. Utasimama katikati, uwaambie wanawake kwa mdomo wako nani aliandika hayo na alijua nini. Atakayekutukana, mwache amalize. Kisha mmoja mmoja uwafutie hiyo programu kwenye simu zao. Sitakutetea.

Mwalimu nimemuuliza. Akasema amekusamehe, lakini hataki uutazame uso wake.

Yeye huja mchana. Wewe njoo asubuhi.

Shangazi yako